Jenerali Aliyeshindwa Kwanza

Mpwa wangu Neema,

Hapa Springfield, Marekani, tu wazima, na mke wangu anakusalimu sana. Unauliza kama wenzako watakucheka ukirudia kidato cha nne. Watakucheka. Mimi nilichekwa na Wamarekani darasa zima.

Chuoni Annandale nilitakiwa nieleze maisha ya jenerali mmoja wa Austria aliyepigana na Napoleoni. Nilisoma kurasa za mwanzo, alimokuwa akishinda tu, nikafunga kitabu. Siku yenyewe nilimsifu mpaka madirisha yakatetemeka: "Huyu bwana hakushindwa hata siku moja!"

Mwalimu akauliza kwa upole, "Na alipopigwa akakimbilia ng'ambo ya mto?"

"Hapo alikuwa amechoka," nikajibu.

Mpwa wangu, walilia kwa kucheka.

Nilisoma kitabu chote. Wiki iliyofuata nikaomba kusimama tena mbele ya darasa, na hili sijamwambia mtu. Nikaanza: "Jenerali alishindwa vibaya. Akavusha jeshi mto, akalipanga upya, na baada ya wiki chache akamshinda Napoleoni mwenyewe."

Hakuna aliyecheka.

Kajiandikishe, mwanangu. Wakicheka, waache wamalize, kisha fungua daftari.

Mjomba wako,
Selemani