Shore wa Nyuma ya Kiyoyozi

Jumatano, 14 Mei 2014

Umekumbuka leo? Mwanamke huna haya! Tangu ushuke uwanja wa ndege hujaligusa daftari hili hata kwa kulipangusa vumbi. Nakusema wewe, Mwanaidi, usigeuke kutafuta mwingine chumbani. Shule hukukanyaga. Binti yako ndiye aliyekufundisha herufi, kwa mkaa, sakafuni jikoni, yeye yuko darasa la tatu na wewe mama mzima, ukamwahidi utaandika usije ukasahau. Sasa uko Doha, kutwa macho kwenye tivii.

Haya. Andika.

Arobaini ya huyo binti, Rehema, imekwisha. Mtoto mzima, mnene, Suleimani, jina la marehemu babu yake — kwa hiyo ni mume wangu, na hasira ni zilezile. Nilikuja kumlea mzazi, na nikirudi Muheza nirudi na mtoto. Ndivyo tulivyopatana kwenye simu. Rehema akaendelee kufua mashuka hotelini, Idrisa aendelee kumwendesha tajiri wake. Mimi nibaki na chupa za maziwa na miguu hii mibovu.

Nimekubali. Lakini nimewaambia wazi kwamba ni wajinga. Nyumba ipo kwenu, shamba lipo, kwenye tanuri hili mnatafuta nini? Rudini wote! Rehema kainama anakunja nepi. Idrisa kasema, "Mama, tutaongea." Mkwe akisema tutaongea, ujue haongei.

Jumamosi, 17 Mei

Kiyoyozi cha chumba changu kinapuliza moto. Nimefungua dirisha nikigonge — kumbe nyuma yake, juu ya bati, kuna kiota! Vijiti, uzi wa nailoni, kipande cha risiti. Na mwenye nyumba ni nani? Shore! Shore kabisa, ndugu yake yule mwizi wa mapapai yetu, ila huyu mashavu meupe kama kapakwa poda. Kalalia mayai. Ananitazama kama mimi ndiye mpangaji wake.

Bati lenyewe ungeweza kuchomea chapati. Nikamwambia, wewe una mabawa! Huna paspoti, huna viza, huna wa kumwomba ruhusa. Muheza mvua inanyesha, mapapai yanaoza mtini. Unakaa hapa kwa nini? Nimemsema mpaka koo likakauka. Kisha nikamwekea maji kwenye kifuniko. Sijui kwa nini. Kiu ni kiu.

Jumatatu, 19 Mei

Idrisa kamleta fundi. Athanas, mtu mzima, kipara, Mtanzania mwenzetu, anakaa kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area. Kasema dude lote la kiyoyozi ling'olewe, livutwe ndani. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia aanze kuning'oa mimi.

"Bibi, mimi nimetumwa esii. Sikutumwa ndege."

Basi kunywa chai uende! Kanywa, kala maandazi, kasema makinda yakisharuka apigiwe simu. Huyo ana adabu. Idrisa hana — kanung'unika kwamba mama mkwe wake anachemka chumbani kwa ajili ya kunguru. Kunguru! Mtu asiyejua shore na kunguru, barabarani anaona nini?

Ijumaa, 23 Mei

Jebet kaja kukaa nasi. Mkenya wa mlango wa pili, mlinzi wa duka kubwa. Ananiita shosho. Nimemwambia shosho ndiyo nini, kasema ndiyo bibi. Haya.

Kwenye tivii vindege vya nchi za baridi. Theluji mpaka kwenye madirisha! Vindege vyenyewe havizidi ndimu, vimejivimbisha manyoya, vimebanana kwenye shimo la mti. Wenzao wote wamehamia kwenye jua, vyenyewe vimebaki. Na asubuhi vinatoka vinaimba! Nikapiga kelele, jamani, hivi navyo vimerogwa? Si viondoke!

Jebet kacheka mpaka kajishika mbavu. "Hao si mafala, shosho. Hilo shimo ukitoka tu, mwingine anaingia. Ukirudi baridi ikiisha, unaanza kulipigania upya."

Kasema na yeye ndivyo. Alikwenda livu kumzika mama yake. Kurudi, kitanda kina mtu, na ule mlango wa ndani aliokuwa akiulinda una mtu. Kapangwa geti la nje, juani, kama aliyefika jana. "Huko hoteli ya Rehema ni vile vile. Akienda home na nyinyi, hiyo kazi asahau. Kwani hakukuambia?"

Hakuniambia. Na angeniambia saa ngapi, na mdomo huu wangu?

Jumapili, 25 Mei

Makinda yametoka! Vinywa vitupu, ngozi kama ya mzee aliyekaa majini. Jua linaua. Shore hayalalii — kasimama juu yao, mabawa kayatandaza kama mwavuli, mdomo wazi, anahema. Dume linaleta wadudu. Likifika, wanapokezana kivuli. Mjinga mmoja, mjinga wa pili.

Mtoto hataki chupa. Kila tukijaribu anaitema, ananitazama mimi kama nimemtilia shubiri. Safari Ijumaa! Mume wangu, huko angani utakunywa nini?

Rehema kaja dirishani, maziwa yamemlowesha kanga kifuani. Kamtazama shore. Kisha kasema, "Mama, huyu mbona hajawapeleka kwa bibi yao?"

Tukacheka. Mimi nikacheka sana. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa hacheki.

Nimekasirika mpaka nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumanne, 27 Mei

Leo kanywa chupa. Yote.

Hakuna aliyefurahi.

Alhamisi, 29 Mei

Kesho safari. Asubuhi nimepanga begi la mtoto. Nepi, fulana, kofia ya bluu, chupa. Nikaenda kumwekea shore maji. Kurudi — begi jepesi! Nguo zimo kwenye droo ya Rehema, zimekunjwa vizuri. Nikazirudisha begini. Nikaswali Adhuhuri. Kutoka kwenye mswala, zimo kwenye droo tena!

Nikamfuata Idrisa sebuleni. "Mama, mimi sijagusa kitu." Macho kwenye simu, na simu imezima.

Jebet kachungulia mlangoni. "Shosho, mimi niko naiti huu mwezi. Mchana niko tu hapa."

Nikamwuliza, na usingizi utalala saa ngapi?

"Nitalala mtoto akilala."

Kaondoka zake. Sasa habari za zamu zake ananiambia mimi za nini? Mimi nilimwuliza? Nyumba nzima wameshaongea, nimebaki mimi na shore!

Nikaingia kwa Rehema kwa kishindo. Kakaa kitandani ananyonyesha. Nikamwambia, paspoti ya mtoto.

"Nimeikalia."

Inuka.

"Siinuki, Mama."

Hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Hata hakuniangalia, anamwangalia mtoto. Wallahi mtoto wa kike ana kichwa kigumu huyu! Sijui kakitoa wapi. Nikamwambia nimeshawaambia wenzangu kwamba narudi na mjukuu, nimeshaazima kitanda cha mtoto chenye chandarua, mbuzi wa akika ameshachaguliwa. Machozi yanamtoka, na kuinuka hainuki. Na mume wangu, baradhuli, katikati ya ugomvi kaachia titi kanichekea mimi.

Nimerudi chumbani kwangu. Jasho linadondokea daftari. Nje shore kasimama palepale, mabawa wazi. Makinda hayajaota manyoya, kesho yatakuwa bado. Nguo za mtoto nilizitoa tena kwenye droo nikitoka. Zipo hapa mapajani. Begi liko miguuni pangu, wazi. Idrisa anaita sebuleni, anauliza kesho aje na gari saa ngapi, na tiketi ni za watu wangapi. Ngoja aite.

Wewe Mwanaidi, ukilifungua tena daftari hili, popote utakapokuwa, usianze na miguu yako wala joto. Mtafute kwanza Athanas kwa simu, umwulize kama makinda yameruka. Kisha mstari wa kwanza kabisa uandike mume wangu yuko mikononi mwa nani.