Kandambili ya Neema

Bukima, Jumanne

Kumbe kandambili ya mwanangu Neema haikubebwa na mbwa.

Leo sisi wa kujitolea kulinda ziwa tulikwenda kukagua mazalia ya samaki kwenye miamba. Tukakuta kokoro, ule wavu wa kukokota, limenasa, limejaa vifaranga vya sato, na kokoro limepigwa marufuku. Boya mojawapo ni kandambili ya bluu iliyokatwa. Ina ile N niliyoichora mwenyewe kwa msumari wa moto.

“Mama Neema, unalijua boya hili?” mwenyekiti wetu aliuliza.

Nikasema silijui.

Jioni mume wangu akauliza, “Mlifika mpaka kwenye miamba?”

“Tulifika.”

Akaacha kula.

Kesho boya litaonyeshwa kwenye mkutano wa kijiji. Neema bado anaitafutaga kandambili yake.