Tuliyemtafuta Nyumba kwa Nyumba

Nyumba yenye mlango wa kijani,
Mtaa wa Mafundi Saa,
Jumapili, tarehe 3 Agosti.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Nataraji waraka huu utakukuta na afya njema, na kwamba ile mashine ya kufulia mashuka ya hoteli, ambayo ulisema inakutingisha mpaka meno, imekwisha kutengenezwa. Mikono yako inaendeleaje? Usiache kuipaka mafuta kabla ya kulala. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limejitangazia uhuru.

Kasuku hajambo kabisa. Naliandika hili mapema kwa sababu najua hutaelewa neno jingine kabla ya kulisoma: binti yako ni mzima, hajaguswa, wala hataguswa. Sasa vua viatu, keti, usome kwa utaratibu. Usiruke mistari.

Uliponipigia simu ukilia, nilikuamuru uache kulia ili nisikie. Naomba radhi kwa ukali ule. Ulikuwa umeambiwa kweli. Wifi yako alikuwa ameitisha kikao.

Kikao chenyewe kiliitwa cha likizo ya mtoto. Ukeketaji ni kosa kisheria, na kila mtu mtaani anajua, kwa hiyo hakuna anayeutaja kwa jina lake. Watu husema "kumpeleka mtoto", kisha hunyamaza, kana kwamba mtoto anapelekwa kununuliwa viatu. Mimi nitautaja. Mama yako, mdogo wangu, alikeketwa kama nilivyokeketwa mimi, na kovu lile ndilo lililomuua siku alipokuzaa wewe. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikulea wewe kwa sababu hiyo, na sikukusudia kumlea mtu mwingine kwa sababu hiyo hiyo.

Basi nilimwacha Kasuku kwangu na hesabu za kugawanya, nikachukua mwavuli wangu, nikaenda.

Tulikutana gereji kwa mumeo, kwa kuwa sebuleni kwake kuna injini. Wifi yako alikuja amejifunga kitambaa kizuri kutoka kwenye marobota yake ya mitumba. Mumeo alikuwa chini ya gari na hakutoka. Hakuwa amekosa adabu. Aliona haya kulizungumza jambo lile mbele ya mama mkwe wake. Kwa hiyo niliendesha kikao na wifi yako pamoja na miguu miwili.

"Mwalimu, mtoto amekua," wifi yako alianza. "Ukoo unataka apelekwe likizo hii, kabla hajaanza kuuliza maswali."

Wewe unamjua mwanao. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba mpango haukufanyiwa utafiti.

"Ukoo ni nani?" nikauliza.

"Ukoo si ukoo, Mwalimu!"

"Anakaa wapi? Nataka kumwona."

"Mimi binafsi sina neno," akasema. "Ningeachiwa mimi, ningeacha. Lakini Babu atatuelewa?"

Niliigonga ile miguu kwa mwavuli. "Na wewe, baba?"

Sauti ikatoka chini ya gari: "Mimi sitaki, Mama. Sijawahi kutaka. Nilidhani dada ndiye anataka."

Wifi yako akainama, akaliambia gari, "We Spana! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza!"

"Sasa ndiyo ukae kimya kama nati?"

Nikasema kikao kinahamia kwa Babu. Mumeo akatoka, akatufuata kwa mbali huku akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

Baba mkwe wako tulimkuta kibandani kwake, saa ya mtu imefunguliwa mezani na ile lenzi imebanwa jichoni. Nilimwuliza moja kwa moja kama yeye ndiye anayetaka. Alinitazama kwa jicho lile kubwa mpaka nikajiona nina kasoro ndani.

"Mimi? Tangu lini mwanamume akaulizwa hayo? Mnapanga nyinyi akina mama, mkimaliza mnasema Babu kaamua. Mimi hata saa siifungui kama inakwenda vizuri."

"Basi nani anataka, Baba?" wifi yako akauliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Labda wakwe. Watu wenye watoto wa kiume. Si husemwa watakataa kuoa?"

Nilimkumbusha kwamba binti ana miaka tisa na wiki iliyopita alililia jino. Babu akafunga kibanda, akavaa koti. "Miaka yote nimesingiziwa," akasema. "Huyo mtu namtaka mimi mwenyewe."

Mwenye wana wengi mtaani ni muuza mkaa, yule anayeitwa Mama Kengele kwa sababu hakuna ugomvi wake usiosikika. Hapa, mwanangu, tulimpata mtu anayetaka.

"Ndiyo, nataka!" akasema, mikono kiunoni. "Na sioni haya. Mwanamke asiyekatwa hatulii nyumbani."

"Shoga," wifi yako akasema, "wewe si ulikatwa?"

"Kabisa."

"Na jana jioni sufuria lilikuwa linapita dirishani likienda wapi?"

Lenzi ikamtoka Babu jichoni. Kabla Mama Kengele hajajibu, mwanawe mkubwa, yule seremala, akatokea nyuma ya magunia.

"Mama, bora nikwambie leo watu wakiwepo. Mchumba wangu hakukatwa."

"Umejuaje?"

"Nilimwuliza!"

"Umejuaje, nakuuliza!"

"Kwa mdomo, Mama! Nilimwuliza kwa mdomo!"

Mimi nilitazama magunia ya mkaa, ambayo yalikuwa yamepangwa vizuri sana. Mama Kengele alimkimbiza mwanawe kwa chepeo mpaka kona ya kinyozi. Hakubadili msimamo, nisikufiche. Wapo wengi kama yeye, na baadhi yao ni watu wapole wenye kauli nzuri, ambao ni wagumu zaidi kupingwa. Katika darasa nililosoma mimi hakubaki msichana hata mmoja. Katika lako, walikuwepo waliobaki. Katika la Kasuku sijui, kwa kuwa watu wameacha kusema, wala kunyamaza kwao si ushahidi kwamba wameacha kutenda.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa ngariba mwenyewe, Bi Wembe, maana wifi yako alikwisha kumpa taarifa. Alipotuona tunakuja kundi zima, mimi na mwavuli mbele, Babu na koti, fundi na mafuta usoni, alikimbilia kwenye banda la kuku. Jogoo alimtangaza papo hapo.

"Mgongo!" alipiga kelele kutoka ndani. "Mgongo bado haujapona! Njooni likizo ijayo!"

"Bibi," Babu akasema, "likizo iliyopita uliwaambia watu hivyo hivyo. Na kabla ya hapo ilikuwa jicho."

Alitoka polepole, manyoya kichwani, akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mgongo mzima," akasema. "Jicho zima. Niliacha tangu yule mtoto wa mwenye duka. Damu ilikataa kusimama. Nilimshika mpaka mwili wake ukawa baridi, na mikono hii haijashika wembe tena. Nilidhani nikisema mtanicheka, kisha mtakwenda kwa mwingine. Bora niumwe."

"Na mjukuu wako?" nikauliza.

"Hajaguswa. Nimemfundisha aseme kaguswa."

Hakuna aliyecheka. Mumeo alisogea, akamtoa bibi yule unyoya mmoja kichwani, kwa adabu, kama anavyotoa kitu kwenye injini ya mteja. Babu ndiye aliyefunga kikao. Alisema mjukuu wake hapelekwi popote, na kwamba safari hii ikisemwa Babu kaamua, itakuwa kweli.

Tukaanza kurudi. Wifi yako alitembea wa mwisho mpaka bombani. Pale akasimama.

"Mwalimu," akasema, "na wale wangu watatu? Nilimkatia nani?"

Nilimpa mwavuli wangu aushike, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikitafuta kazi.

Asubuhi iliyofuata hakufungua mitumba. Majirani walimwona amekaa nje ya mlango wa binti yake wa kwanza. Walizungumza nini, hajaniambia, wala sijamwuliza. Amekuomba radhi kupitia kwangu. Nimemwambia akuandikie mwenyewe. Nina imani naye. Hata hivyo, likizo yote mtoto atalala kwangu.

Babu anakusalimu sana. Mumeo anakusalimu kutoka chini ya gari. Bi Wembe ametoa mayai ya kukutumia. Nimemweleza habari za posta, na tumeyala mimi na mwanao. Wasalimie wenzako wote wa chumba cha kufulia.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, aipumzishe mikono yako, na akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Kasuku alinisubiri mlangoni siku ile, hesabu zote amemaliza, mbili amekosea. Alitaka kujua kikao cha likizo yake kimeamua nini. Nikamwambia kimeamua ale, alale, acheze, na ajifunze kugawanya.

"Kikao kizima kwa hayo tu, Bibi?"

Nikamwambia ndiyo, kwa hayo tu.

Ni mimi nikupendaye bila kulegeza,
Mama yako Mkubwa.