Herufi Moja Katika Damu ya Baraka

Jumamosi, Kirua

Sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa na miaka sita niling'oa isale, ule mmea wa mila unaopandwa mpakani mwa shamba, nikalichezea. Bibi aliniambia anayeng'oa isale huleta balaa nyumbani. Wiki hiyohiyo mdogo wangu Baraka, bado mchanga, alivimba vidole akalia usiku kucha. Ikaja kujulikana ni sikoseli, ugonjwa wa damu. Miaka yote hii nimeamini nilimletea mimi.

Leo hospitalini Moshi daktari ametusomea majibu ya DNA yake. Kati ya mabilioni ya herufi, iliyobadilika ni moja tu! Kairithi kwa baba na kwa mama pia, tangu tumboni.

"Kumbe mmenipa wote wawili," Baraka akasema. "Basi nadai soda mbili." Mama alicheka huku anafuta machozi.

Halafu daktari akasema kuna nchi wameanza kurekebisha jeni, na wagonjwa wanakaa bila maumivu. Huku bado. Naogopa tutachelewa, lakini tiba ipo! Kwenye Biology nilikuwa nakariri tu. Sasa nataka kuzisoma hizo herufi mwenyewe, serious kabisa.

Nasikia ndala za Baraka zinakuja mlangoni. Siku zote nafunika daftari. Leo naliacha wazi, aanze kusoma pale juu.