Kipepeo wa Lufilyo na Picha ya Mama

Talatala,
kwa njia ya Itungi,
9 Juni 1912

Mpendwa kaka Aliko,

Ugonile, kaka? Ndivyo Mama alivyoniagiza nianze, kwa salamu ya kwetu. Mengine naandika kwa Kiswahili ili shemeji Veronika naye asome bila kukuuliza kila neno. Habari za huko Tanga? Kazi ya reli inakuachia nafasi ya kupumua? Watoto wamepona kikohozi? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila tumechoka.

Mvua ya mwaka huu haikujua kukoma. Mpunga wa bondeni ulilala majini, nasi tunaokota kilichobaki. Naomi mke wangu ni mjamzito tena na hapati usingizi. Mama miguu imemvimba. Kanisani haendi siku hizi. Nyimbo anazisikia akiwa nyumbani, upepo ukizileta.

Katika barua yako uliomba picha yake. Ulisema uso wake umeanza kukupotea, ukijaribu kumkumbuka unaona kitambaa chake cha kichwani tu. Nilimsomea maneno hayo.

Nataka ujue kwamba nilihangaika. Mwezi wa nne alishuka melini Mdachi mmoja, Bwana Lohmann, mzee mwembamba, akiwa na sanduku la kupigia picha na makasha ya vioo. Hakufuata pembe za ndovu, alifuata kipepeo. Alisema yuko mmoja mweusi, mwenye mkanda wa kijani mabawani na mikia miwili kama ya mbayuwayu, ambaye ni vigumu sana kumpata. Kwao wanaye mmoja tu, mfu, amechomwa pini. Yeye alimtaka akiwa hai, pale pale anapoishi. Watu wa Itungi walimcheka. Mimi nilimwuliza kama vioo vyake vinaweza kuchukua sura ya mwanamke mzee, akasema vinaweza. Tukapatana: nimbebee mizigo hadi mto Lufilyo unapotoka milimani, na tukirudi ampige Mama picha.

Kaka, safari ile imenimaliza. Vioo ni vizito kama mawe, lakini jiwe unaweza kulitupa chini ukichoka. Njia yote ilikuwa tope. Tulijenga kibanda cha majani kando ya mto, na nguo zetu hazikukauka hata mara moja. Kipepeo tulimwona mapema. Hushuka mchangani jua likipanda, akanywa unyevu pale nyati walipokojoa. Lakini Bwana akishasimamisha miguu mitatu ya kuwekea sanduku na kujifunika kitambaa cheusi, mwenzetu ameshapaa. Mara wingu linaziba jua, mwanga hautoshi. Mara anatua lakini hatulii, anapigapiga mabawa, kioo kinaharibika bure. Nilianza kumchukia mdudu yule, Mungu anisamehe.

Kisha homa ikamkamata Bwana. Alitetemeka hata kikombe hakuweza kukishika. Nilimsihi turudi, akakataa. Alisema kwa umri wake hatakuja tena huku. Akanielekeza nitege sanduku mbele ya ule mchanga wenye unyevu, akanipa mpira mdogo wenye bomba, ambao ukiuminya jicho la sanduku hufunguka. Tukaketi tukingoja, mgongo ukiniwaka moto.

Akaja. Akatua mbele yetu, mabawa ameyafumba. Bwana akanishika mkono, nikausikia mtetemeko wake ukiingia mwilini mwangu.

"Bado," akaninong'oneza.

Kipepeo akayafumbua mabawa polepole, akatulia. Ule ukijani uling'aa kama jani changa la mgomba lililoloa mvua.

"Sasa."

Nikauminya mpira. Bwana hakushangilia. Alibaki ameketi topeni, akajifuta macho, akasema basi, twende nyumbani. Baadaye alipokiosha kile kioo kwa dawa zake, kipepeo alikuwapo mzima, hata ile mikia miwili.

Bwana hakuisahau ahadi, ingawa alifika kwetu akijikokota. Naomi alimvika Mama kitambaa cheupe, tukamkalisha kwenye kigoda nje ya mlango. Kila kitu kilipokuwa tayari, Bwana akaniruhusu nichungulie chini ya kile kitambaa cheusi. Katika kioo cha nyuma ya sanduku watu huonekana kichwa chini. Hivyo ndivyo nilivyomwona Mama, mdogo kama kidole, mikono juu ya magoti, na hapo ndipo nilipotambua jinsi alivyozeeka. Ninakaa naye kila siku, na sikuwa nimeona.

Mama akaniuliza kwa lugha yetu, picha ikifika Tanga wewe utaifanyia nini. Nikamwambia utaitundika ukutani, uwe unamwona kila siku.

Akafikiri. Kisha akasema, "Akiwa ananiona kila siku, huku atakuja kufanya nini?"

Akachukua fimbo yake, akainuka kwa taabu, akaingia ndani.

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nilimfuata nikamweleza tope, baridi, na mabega yangu yaliyochubuka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ndaga, mwanangu," akasema, ndiyo asante yetu, shemeji naye ajue. "Najua umechoka. Mwandikie ndugu yako kwamba nipo."

Bwana Lohmann hakunung'unika. Alikunja ile miguu mitatu, na juzi meli imemchukua pamoja na kipepeo wake. Kwa hiyo barua hii inakuja peke yake, bila picha.

Sikulaumu. Najua Tanga ni mbali na ruhusa haipatikani kwa urahisi. Nakuarifu tu kwamba tangu siku ile Mama hataki kile kigoda kiingizwe ndani. Kunapokucha hutoka akakikalia, akaiangalia njia ya Itungi hadi jua limchome, na Naomi akimwita hujifanya hasikii.

Mjomba Zebedayo anakusalimu, na Naomi pia. Nisalimie sana shemeji Veronika, na Yohana, na Maria mdogo ambaye bibi yake hajambeba. Mungu aliyekuongoza kwenda akuongoze na kurudi.

Wako akupendaye, katika uchovu huu na baada yake,

Asajile