Gunia la Ushahidi

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Nimesahihisha makala ya gazeti asubuhi, nikafuta "labda" zote. Mhariri huzirudisha. Nitazifuta tena.

Mchana kwa Mama Kemunto, kumpangia hotuba. Hataki hotuba. Anataka kuwaambia wakulima jambo moja tu: lori la kiwanda lije mapema, majani ya chai yasikae kituo cha kupimia yakinyauka na kupoteza uzani. Nikamwambia hilo jambo moja ni vita. Akacheka, akaniongezea chai.

Ni jirani yangu hapa Sosiot. Mkisii. Baba yake alikuja kuchuma chai ya kampuni, akanunua ekari mbili, akazikwa humo. Yeye anagombea ukurugenzi wa kiwanda cha wakulima. Mkurugenzi aliyepo hajawahi kupata mpinzani, na anapita akisema mgeni hawezi kuwasemea wenyeji. Mgeni aliyezaliwa hapa! Mimi ni Mkipsigisi na nimeandika kwamba huo ni upumbavu. Nitaandika tena.

Ijumaa, 7 Machi

Wamemkamata. Alikuwa na magunia mawili ya majani yake juu ya bodaboda, akielekea kituo cha kupimia. Polisi wanasema alikuwa anayapeleka kwa wachuuzi, wale wanaonunua majani mabichi barabarani na kuyauza viwanda vingine. Kuwauzia ni kosa. Lakini pale aliposimamishwa, mizani ya kituo ilikuwa ikionekana. Kila mtu kwenye foleni aliona.

Ijumaa. Wanaokamata watu Ijumaa wanaijua kalenda. Mahakama ni Jumatatu. Na Jumatatu saa sita mchana ndio mwisho wa wagombea kujiandikisha kiwandani. Lazima mtu afike mwenyewe.

Nimekwenda kituo cha polisi. Nimemsomea OCS, mkuu wa kituo, Katiba kwa sauti, kipengele kwa kipengele, watu wote wakisikia.

"Mwalimu," akasema, "hiyo Katiba hata mimi nimesoma. Enda nyumbani, mvua inakuja."

Jumamosi, 8 Machi

Wamekataa dhamana. Sababu: upelelezi haujaisha. Upelelezi wa magunia mawili ya majani.

Yako kwenye korido nyuma ya kaunta, yamefungwa midomo. Nimeweka mkono juu yake. Yana joto kama mtu mwenye homa. Mkulima yeyote angeyamwaga sakafuni yapumue. Konstebo aliyeyakamata ni kijana aliyehamishwa juzi kutoka pande zisizo na chai. Ameniuliza kama yakikaa hapo wiki moja yatakuwa tayari kupikwa. Nimemtazama nione kama ananitania. Hakuwa akinitania.

Mama Kemunto amekula ugali nilioleta. Hajalia. Ameuliza kama ng'ombe amekamuliwa.

Jumatatu, 10 Machi

Gari la polisi lilikosa mafuta asubuhi. Ndivyo walivyoiambia mahakama. Likapata mafuta baada ya saa sita.

Amekana mashtaka. Ameachiliwa kwa dhamana alasiri. Kiwandani Mkurugenzi alikuwa ameshatangazwa, amepita bila kupingwa. Wamechinja fahali. Muziki umesikika hadi hapa kwangu.

Nina hasira. Siyo ile nzuri ya kuandikia. Hii inanifunga mkono.

Jumanne, 18 Machi

Mwendesha mashtaka ametuma maneno kupitia wakili: mama akubali kosa, apigwe faini ndogo, yaishe. Nikaruka juu. Nikasema kamwe, heri jela, heri historia ihukumu.

"Si wewe utalala huko, mwalimu," akasema Mama Kemunto.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu waliofungwa. Viroboto wa seli siwajui.

Baadaye aliongea mwenyewe, akiwa ameinama anakata nyasi. Aliyepatikana na hatia haruhusiwi kugombea kiwandani tena maisha yake yote. Wakili amemwambia hivyo. Kumbe hiyo ndiyo shabaha yao. Hiki kiti wameshakipata. Wanataka na vile vitakavyokuja.

"Sikubali," akasema. "Lakini wewe usipige kelele kortini. Naomba."

Nimeahidi.

Jumanne, 13 Mei

Niandike hii polepole.

Konstebo alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Akaeleza alivyomkamata mshtakiwa na magunia mawili. Mwendesha mashtaka akaomba ushahidi uletwe. Likaletwa gunia moja. La pili, wakasema, liko kituo cha polisi. Wakalifungua mbele ya hakimu.

Majani ya kijani. Yanang'aa. Yana umande.

Hapa hakuna asiyejua chai. Karani wa korti ana shamba. Askari wa mlangoni ana shamba. Jani lililochumwa Machi leo ni mboji, na lilikuwa mboji kabla Machi yenyewe haijaisha.

Kogo mmoja, bibi mzee aliyekuja kwa kesi ya mpaka, akauliza kwa sauti, "Yalikuwa yamelala wapi haya? Kwa friji?"

Korti nzima ikaangua kicheko. Karani aliziba mdomo na faili. Hakimu akagonga meza, akamuuliza konstebo yalichumwa lini. "Tarehe saba mwezi wa tatu, mheshimiwa." Watu wakaanza upya. Kijana wa watu akawa anamtafuta OCS kwa macho. OCS alikuwa anasoma simu.

Aliyekasirika kweli alikuwa Mama Kemunto. Alisimama bila kuitwa, akatia mkono guniani, akatoa tawi zima, limenyofolewa pamoja na kijiti chake.

"Mheshimiwa, mimi nachuma majani mawili na chipukizi. Miaka yote hiyo kituo cha kupimia hakijawahi kunirudishia hata kilo. Hii ni ya kupea mbuzi. Wanifunge, lakini wasiseme hii nimechuma mimi."

Mimi sikusema neno. Ilinigharimu.

Mwendesha mashtaka akaomba kuondoa kesi. Hakimu akakubali. Tukatoka nje tukipiga vigelegele, wakili akatuvuta kando. Kesi imeondolewa, mama hajaondolewa lawama. Wakitaka kesho watamkamata tena kwa magunia yaleyale. Sheria inawaruhusu.

Uongo umeumbuka mbele ya umati, na aliyeuagiza hajaulizwa hata jina. Konstebo atahamishwa. Mkurugenzi bado ni Mkurugenzi.

Jumamosi, 17 Mei

Jua kidogo. Nimemsaidia Mama Kemunto kuchuma. Ananikosoa kila mstari, natia majani makongwe kikapuni. Sijaandika makala. Aliniomba ningoje, akitajwa gazetini wiki hii watamfuata. Nimekubali, na sipendi kwamba nimekubali.

Jioni tukapeleka majani kituoni. Foleni ndefu. Mwanamke wa mbele yetu akasogeza kikapu chake kando, akamwonyesha Mama Kemunto apite. Wa mbele yake naye akasogeza. Wakaendelea hivyo bila kuambiana, vikapu vikikwaruza simiti, hadi njia ikawa wazi mpaka kwenye mizani. Karani wa mizani akabaki ameshika kalamu.

Mama Kemunto aliitazama ile njia.

"Rudisheni vikapu," akasema. "Mimi si director. Nitangoja laini kama nyinyi."

Wakacheka, wakarudisha. Akageuza kikapu cha mtu kilichokuwa tupu, akakikalia, akaanza kutoa makongwe yangu, moja moja.