Mechi Tunayoimaliza kwa Mdomo

Yaya wangu Zaina, dada yangu mkubwa,

Tangu ututoke nimekuandikia kichwani tu, mimi ambaye mji mzima unanilaumu kwa kuandika kila kitu gazetini. Leo naandika wazi, kwa sababu jambo lenyewe linawagusa na wengine. Jumapili iliyopita familia ilikaa kuamua kama chumba chako cha michezo ya televisheni, pale kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto, kifungwe.

Aliyetaka kukifunga ni Tonton Saidi, mdogo wake Mama. Wazo lake ni depo ya sementi. Tena anaamini kwamba binti yako Rehema, ambaye ndiye anayekiendesha sasa, atapata mume upesi akiacha kushinda na vijana wanaopiga kelele mbele ya televisheni. Rehema aliniambia mimi tu, mama yake mdogo, pale jikoni: «Tantine, wakifunga, mama anakufa mara ya pili.» Nikaanza kunoa ulimi siku ileile.

Unakumbuka redio ya Papa wetu? Ile iliyokazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, iliyokula mawe yake, yaani betri, kama mgonjwa anavyokula dawa. Siku ya mechi Papa aliyaanika mawe juani tangu asubuhi ili yarudishe nguvu kidogo. Yalivumilia kipindi cha kwanza. Cha pili yalianza kukata roho, sauti ya mtangazaji ikawa nyembamba kama ya nzi kwenye chupa, kisha kimya. Papa aliipiga kofi redio, akaitikisa, akaitegea sikio. Na wewe, msichana wa miguu myembamba uliyekuwa ukichambua mchele pembeni, ukaendelea palepale mtangazaji alipoachia: mpira uko kwa nani, nani anamfuata, kipa amesimama wapi. Papa aligeuka akakutazama. Nilidhani utachapwa. Akasema neno moja: «Endelesha.»

Ukaendelesha mpaka filimbi ya mwisho. Kesho yake alirudi kutoka sokoni akiwa ameshaambiwa matokeo ya kweli, kwamba tumefungwa vibaya, akakuita mlangoni: «Zaina, ile yako ilikuwa tamu zaidi.»

Mimi nasema chumba chako kilizaliwa siku ile, hata kama hizo mashine za michezo hazikuwa zimefika mtoni kwetu. Ulipokuja kukifungua, ukiwa mama mzima, shida ilikuwa ileile ya Papa. Umeme wa ng'ambo hii unaujua: unapita kama mgeni asiyevua viatu. Ulipokatika katikati ya mechi, kila mchezaji aliapa kwamba yeye ndiye alikuwa anashinda, na ngumi zikawa karibu. Ndipo ulipoweka sheria ambayo sijaisikia kwingine. Mechi inamalizwa kwa mdomo. Hakuna anayeachia maneti yake, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili. Mmoja anasema anachofanya, mwenzake anajibu, na watazamaji wote ni waamuzi. Ukimtaja mchezaji uliyekwisha kumtoa, wanakuzomea. Ukimpitisha mtu mahali ambapo hakuwapo, wanakurudisha.

Mara ya kwanza kuiona nilidhani watu wamerukwa na akili. Nimetoka juani, macho hayajazoea kiza cha ndani, namsikia mwalimu wa shule ya msingi akimfokea dereva wa pikipiki.

«Minakupita!»

«Unanipitia wapi? Beki yangu iko pale tangu zamani!»

«Beki yako iko na kadi ya manjano. Akinigusa anatoka!»

«Bon, basi sikugusi. Piga tuone.»

«Napiga!»

Na chumba kizima kikapasuka, «Ooooh!», mbele ya televisheni nyeusi tii. Nikakuuliza, «Yaya, hawa wanalewa nini humu?» Ulicheka mpaka ukashika ubavu. «Soda tu, mudogo wangu. Soda na maneno.»

Kuna mwenzangu mmoja wa redioni, bwana mwenye sauti nzuri na fikra chache, ambaye kila wiki anawatangazia wazazi kwamba michezo hii inawafanya vijana mabubu. Mabubu! Nilimwalika avuke mto aje asikilize. Hajaja. Mtu anayemhukumu kijana wa Lubunga kwa ububu hajawahi kumsikia akitetea kona ambayo haionekani, mbele ya watu wanaokumbuka kila kitu na hawamsamehei lolote. Mimi nimekaa kwenye mijadala ya wasomi ambapo watu walisahau walichosema dakika moja kabla. Kwa Yaya, kama wateja wanavyokiita chumba chako, hakuna kusahau.

Na mbona wazee wanaoshinda wakicheza dame, ile drafti ya vifuniko vya chupa, tangu chai mpaka giza, hakuna anayewahubiria? Wao tunasema wana busara. Watoto wa wakubwa wakicheza michezo hiihii vyumbani mwao, kwenye baridi ya kiyoyozi, tunasema wana akili za kisasa. Mtoto wa muuza samaki akishika maneti, amepotea. Hapo mchezo hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye jicho linalomtazama yule mtoto, na jicho hilo nitaligombeza mpaka lipepese.

Wewe lakini hukuwa mjinga wa kupenda bila mipaka. Aliyevaa bleu-blanc, sare ya shule, hakuvuka kizingiti chako kabla madarasa hayajatoka. Ulimrudisha mkuu wa shule mwenyewe siku moja, kwa sababu alivaa shati jeupe na suruali ya bluu. «Monsieur, sheria ni sheria. Rudi shule.» Mpaka leo anaisimulia.

Acha nikuhabarishe wanacheza nini siku hizi. Mpira bado ni mfalme. Nimewauliza wateja wa Rehema utamu wake uko wapi, na jibu walilonipa mara nyingi ni lile ulilokuwa ukinipa wewe: ni mahali ambapo fundi cherehani anakaa bega kwa bega na afisa wa forodha, na anayefungwa ndiye anayeinuka, hata akiwa na cheo gani. Kuna ule wa kupigana, watu wawili wanarushiana mateke mpaka mmoja aanguke, na wanaoutawala ni wasichana wa soko la samaki, sijui kwa nini, ila nakushauri usiwakasirishe. Mimi mwenyewe nimenaswa na ule wa simu, wa kupanga matunda ya rangi moja mpaka yapasuke. Naucheza kwenye mtumbwi nikivuka. Juzi mpiga kasia aliniambia, «Mama, tumefika tangu zamani, ni matunda yako tu ndiyo hayafiki.»

Madereva wa pikipiki wao wana ule wa kisiwa. Watu wengi wanaangushwa kwa parachuti, wanatafuta silaha, na wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Huo ndio unaomtia homa bwana wa redioni: vita, katika mji huu ambao mabomu yake yalikuwa ya kweli! Hapa simcheki, Yaya, na wewe hukumcheka. Nakumbuka siku kijana mmoja alipouwasha kwenye televisheni kubwa, sauti juu. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Tulimkuta chini ya kitanda, ameshavuta godoro, ananiita mimi kwa jina la utotoni. Ulimkumbatia palepale sakafuni mpaka mwili wake ukatulia. Kisha ukatoka ukawaambia, bila kufoka: «Huu mucheze. Lakini sauti mutazima. Ndani iko mutu ambaye anazijua hizi sauti.»

Wanazima mpaka leo. Hata wageni wanaambiwa mlangoni. Vijana wanarusha risasi kimya, na wakitaka sana kelele wananong'ona «pu, pu» kama watoto wanaopuliza uji. Nilimuuliza dereva mmoja anapenda nini ndani ya ule mchezo. Akanionyesha spika ndogo ya sikioni. Kaka yake yuko Goma, hawajaonana kwa sababu barabara ni zile unazozijua, na kila wanaposhuka kwenye kile kisiwa wanashuka pamoja. «Tantine, kule niko namuona mugongo. Anakimbia mbele yangu kabisa.»

Rehema anapenda ule wa kujenga kwa vipande vya mraba. Amejenga nyumba yetu yote, na mfereji, na njia ya kushukia mtoni. Chumba chako amekijenga kikubwa kuliko kilivyo. Nilipomwambia kipimo amekosea, alisema, «Hapana, Tantine. Vile ndivyo kilivyokuwa wakati mama alikuwa ndani.»

Basi Jumapili, baada ya sala ya alasiri, Tonton Saidi akafika na koti lake na mita ya chuma mfukoni. Hata hakukaa. Alianza kupima ukuta kwa ajili ya mifuko ya sementi, akisema namba kwa sauti, mbele ya Mama na mbele ya Rehema. Damu ilinipanda. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, Yaya, yenye meno ya juu na ya chini. Lakini Rehema alinitangulia. Umeme ulikuwapo; akawasha mashine, akamletea Tonton maneti, akaifuta kwanza kwa upindo wa kitenge chake kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

«Tonton, shika kidogo. Ili ukifunga, ujue umefunga nini.»

«Mimi nitacheza hii mambo ya watoto?»

«Wanasema ulikuwa winga wa kushoto.»

«Wanasema? Waliokuwa wananikimbiza ndio wanajua!»

Akashika. Akafungwa bao, akalaumu vitufe. Akaonyeshwa vitufe, akafunga moja, akavua koti. Rehema, ambaye hajui kumbeba mtu hata awe mjomba wa mama yake, akamfunga la pili. Wateja wakaanza kuchungulia mlangoni, kisha wakaingia. Tonton akawa amekaa ukingoni mwa kiti, ulimi nje, anakimbia na mpira upande wake wa kushoto, na hapo hasa umeme ukakatika.

«Courant imeenda? Na mpira uko kwa mguu yangu!»

«Kwa Yaya mechi haikufe na courant,» Rehema akasema. «Sema, Tonton.»

Tonton aliitazama televisheni nyeusi, akaitazama ile mita aliyokuwa ameiacha juu ya mkeka. Nilidhani atasimama. Akakohoa. Akaanza taratibu, kama mtu anayetafuta njia ya nyumba aliyohama.

«Bon. Niko kushoto. Namupita wa kwanza.»

«Wa kwanza nimemuweka mbali na wewe, humupiti, unamukuta.»

«Minamukuta, minamupitishia mpira katikati ya miguu!»

Wateja: «Iko sawa! Iko sawa!»

«Naingiza ndani, kwa ule mufupi wangu, peke yake na kipa... Nafunga! Nafunga, bwana!»

«Hors-jeu!» Rehema akaruka, kwamba ameotea. «Yule mufupi alikuwa nyuma ya beki yangu!»

«Nani alikuwa nyuma? Leta hapa!» Na Tonton Saidi, aliyevuka mto kuja kupima nafasi ya sementi, akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka ndala moja kuwa beki na nyingine kuwa yule mfupi, akaivuta mita kutoka ndala hadi ndala, akaanza kuwasomea waamuzi namba. Jasho linamtoka. Nusu ya watu wanamuunga mkono, nusu wanasema ndala imesogezwa. «Tonton, umeisogeza na goti!» «Goti gani? Goti yangu ni ya mutu mukubwa, haidanganye!» Na yeye juu ya kelele zote: «Nimefunga! Minasema nimefunga!»

Ndipo Mama, kutoka kwenye kiti chake pale kizingitini, akauliza kwa ile sauti anayoitumia kwa mdogo wake tangu alipokuwa akimbeba mgongoni:

«Saidi. Unafunga nini? Goli ao nyumba?»

Kila mtu aligeuka. Tonton alibaki ameishika mita, magoti chini.

«Goli, Dada!» akasema, kwa hasira kabisa. «Nyumba nitaifunga namna gani na match haiyaisha?»

Mama akaitikia kwa kichwa, akasema, «Sawa. Tumesikia.» Kikao kikaishia hapo. Hotuba yangu sikuitoa, na unajua jinsi hilo lilivyoniuma. Tonton aliondoka jua likishuka, akibishana na yule mteja wako mwalimu mpaka gatini, na mita aliisahau mkekani. Rehema ameitundika ukutani karibu na televisheni. Anasema ni ya kuamulia hors-jeu.

Depo ya sementi itapata ukuta mwingine. Kuta hazijaisha mjini. Na wewe pumzika, Yaya wa redio isiyo na mawe. Mama analala vizuri, sauti bado zinazimwa, na maneti yako inafutwa kwanza kabla mtu hajapewa. Papa alisema endelesha, nasi tunaendelesha.

Mimi, mdogo wako uliyemwachia ziwa la Mama.